Domeni Hutajwa, Haichimbuliwi

Kuna swali ambalo wanafunzi wa kidato cha tatu wamelizoea kiasi cha kutolishangaa tena: "Je, mlinganyo huu ni funksheni? Kama ndiyo, tafuta domeni na renji yake." Chini ya swali hufuata safu ya milinganyo: y = 2x + 1, y² = x, x² + y² = 25, y = √(x − 1). Mwanafunzi aliyenolewa na tyusheni huipitia kwa kasi. Akiona y yenye kipeo cha pili, anaandika "si funksheni". Akichora na kuona mstari wima unaukata mchoro mara mbili, anaandika "si funksheni". Domeni anaitafuta kwa kuhakikisha asili ya sehemu haiwi sifuri na kilichomo ndani ya kipeuo hakiwi hasi. Renji anaipata kwa kuiacha x peke yake upande mmoja, kisha anarudia ukaguzi uleule. Anapata vema zake, mwalimu anafurahi, mzazi anafurahi.

Mimi sifurahi. Ninashikilia kwamba swali hilo, kama linavyoulizwa, halijakamilika, na kwamba kanuni za mkato tunazowapa watoto ili walijibu zinawanyima jambo lenyewe tulilokusudia kuwafundisha. Mlinganyo ni sharti. Unatuambia jozi zipi za namba zinakubalika na zipi hazikubaliki, basi. Funksheni inadai zaidi ya hapo: seti tunayoanzia, seti tunayoelekea, na kanuni inayompa kila memba wa seti ya kwanza memba mmoja, na mmoja tu, wa seti ya pili. Ukiiondoa seti ya kwanza hakuna funksheni ya kuzungumzia. Na seti hiyo, ambayo ndiyo domeni, haikuzikwa ndani ya mlinganyo ikingoja jembe la mwanafunzi. Anayeiunda funksheni ndiye anayeitaja.

Najua jibu litakalokuja haraka: huku ni kuchambua maneno, watoto wanataka kufaulu. Basi tuyaache maneno tuangalie fedha.

Chukua kodi ya mshahara, PAYE. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Tanzania Bara Julai 2021, kipato kinachotozwa kodi kisichozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hakikatwi kitu. Kikivuka hapo hadi 520,000, hukatwa asilimia 8 ya kile kilichozidi 270,000. Kuanzia 520,000 hadi 760,000 kodi ni shilingi 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kilichozidi 520,000. Kutoka hapo hadi milioni moja ni 68,000 na asilimia 25 ya kilichozidi 760,000, na juu ya milioni ni 128,000 na asilimia 30 ya ziada. Mwenye kipato cha 600,000 anakatwa 20,000 na asilimia 20 ya 80,000, jumla 36,000. Wahasibu kumi wakikokotoa sawasawa watapata jibu hilohilo. Hii ni funksheni isiyo na doa: kila kipato kina kodi yake moja.

Sasa uliza: domeni ya funksheni hii imetoka wapi? Imetoka kwenye sheria. Usemi 0.08(x − 270,000) hauna asili inayoweza kuwa sifuri wala kipeuo kinachoogopa namba hasi. Upe kipato cha milioni tano, utakupa jibu bila kusita. Upe kipato hasi, utakupa jibu pia. Kinachouzuia usitumike kwa mwenye milioni tano ni kwamba sheria imeuwekea mipaka: utumike kuanzia hapa, uishie hapa. Mwanafunzi aliyefundishwa kuisaka domeni ndani ya usemi huu ataandika "namba halisi zote", na kwa kanuni aliyopewa atakuwa sahihi. Kwa kazi ambayo usemi huo uliandikiwa, atakuwa amekosea kabisa.

Tugeuze swali. Nikikutajia kodi, utaweza kunitajia kipato? Kodi ikiwa 36,000, ndiyo, kipato ni 600,000. Kodi ikiwa sifuri, huwezi: huenda ni 100,000, huenda ni 269,000. Kwa hiyo kipato si funksheni ya kodi. Lakini tukisema tunashughulika na wale wanaokatwa tu, yaani wenye zaidi ya 270,000, kila kodi inarudi kwenye kipato kimoja, na kipato kinakuwa funksheni ya kodi. Sheria haikubadilika hata koma. Kilichobadilika ni mwelekeo wa swali na seti tuliyochagua kuanzia. Anayemuuliza mtoto "je, hii ni funksheni?" bila kumwambia mambo hayo mawili amemuuliza nusu ya swali, kisha anamsahihisha kana kwamba alimuuliza lote.

Hata pale tunapokubaliana kwamba x ndiyo tunayoanzia na y ndiyo tunayoitafuta, kanuni za mkato bado zinapotosha. Inayopendwa kuliko zote ni ile ya kipeo: y ikiwa na kipeo shufwa si funksheni, ikiwa na kipeo witiri ni funksheni. Inakaririwa kwa sababu inafanya kazi kwa y² = x na y³ = x, na mifano ya darasani huishia hapo. Ijaribu kwa y² − 2xy + x² = 0. Kipeo cha pili kipo, kimekaa waziwazi. Lakini upande wa kushoto ni (y − x)², na mraba wa namba halisi hauwi sifuri mpaka namba yenyewe iwe sifuri. Kwa hiyo y = x, funksheni nyepesi kuliko zote zinazofundishwa shuleni. Sasa upande wa pili: y³ − y = x. Vipeo vyote witiri. Weka x = 0, utapata y = −1, y = 0 na y = 1, majibu matatu kwa namba moja. Kanuni imekosea huku na imekosea kule.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda kwa sababu unamuumbua anayeharakisha: xy = x. Wanafunzi wengi watagawa pande zote kwa x, wapate y = 1, waandike "ni funksheni", wageuze ukurasa. Lakini x ikiwa sifuri mlinganyo unasema 0 = 0, na y yoyote inakubalika. Katika namba halisi zote, mlinganyo huu hauipi x = 0 jibu moja. Ukiitoa sifuri kwenye domeni, y = 1 ni funksheni halali. Swali zima limesimama juu ya memba mmoja wa domeni, na kule kugawa kwa x kumemfuta memba huyo bila mtoto kuona.

Wapo pia wanaosema: iache y peke yake upande mmoja, ukishindwa, si funksheni. Hebu wajaribu kwa y⁵ + y = x. Hawataweza. Niels Henrik Abel wa Norway alithibitisha mwaka 1824 kwamba milinganyo ya kipeo cha tano, kwa ujumla wake, haitatuliki kwa fomyula ya vipeuo, na huu ni miongoni mwa inayogoma. Hata hivyo y hapa ni funksheni ya x katika namba halisi zote. Sababu inaeleweka bila fomyula: y inapoongezeka, y⁵ inaongezeka na y inaongezeka, kwa hiyo jumla yake inapanda muda wote, haishuki wala haisimami. Inatoka kwenye namba hasi kubwa upendavyo hadi chanya kubwa upendavyo bila kuruka. Kila x basi inafikiwa mara moja tu. x ikiwa 2, y ni 1. x ikiwa 34, y ni 2. Mwanafunzi anayeweza kutoa hoja hiyo kwa maneno yake ameielewa funksheni kuliko aliyeitenga y katika milinganyo mia.

Nije kwenye mstari wima, ambao walimu wengi ninaowaheshimu wataukingia kifua. Sina ugomvi nao kama picha ya kuonyesha maana ya "y moja kwa kila x". Ugomvi wangu ni pale picha inapofanywa hakimu. Chora y³ = x kwenye karatasi ya grafu, sentimita moja kwa kila yuniti. Juu ya karatasi hiyohiyo chora y³ − 0.01y = x. Penye y = 1, michoro hii miwili imeachana kwa sehemu moja ya kumi ya milimita. Penye y = 2, kwa sehemu mbili za kumi. Mstari wa penseli ni mnene kuliko pengo hilo, kwa hiyo jicho litaona mchoro mmoja tu. Lakini wa kwanza ni funksheni ya x na wa pili siyo: x ikiwa 0, wa pili unatoa y = 0, y = 0.1 na y = −0.1. Mkunjo unaozaa majibu hayo matatu una upana usiofika sehemu moja ya mia ya milimita. Rula gani itauona? Jaribio la mstari wima linafaa pale unapoujua mchoro wote kwa hoja, na ukishaujua kwa hoja huihitaji tena rula.

Kwenye domeni madhara ni makubwa zaidi, maana hapo mwanafunzi hufundishwa kutofikiri. Jiwe linarushwa juu kutoka usawa wa ardhi kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde. Kwa kuchukua mvutano wa dunia kuwa 10, kimo chake baada ya sekunde t ni h = 20t − 5t². Kanuni ya mkato inakagua: hakuna asili, hakuna kipeuo, domeni ni namba halisi zote, renji ni namba zote zisizozidi 20. Soma tena jibu hilo. Linatuambia jiwe lilikuwa chini ya ardhi kabla ya kurushwa, na baada ya kuanguka litaendelea kuzama kilomita baada ya kilomita. Mtu yeyote aliyewahi kurusha jiwe anajua kwamba domeni ni kuanzia sekunde 0 hadi 4, na renji ni kuanzia mita 0 hadi 20. Mtoto analijua hilo kabla hajaingia darasani. Inasikitisha kwamba anatoka darasani akiwa amejifunza kulipuuza.

Renji nayo ina mtego ambao nauona kuwa hatari kuliko yote, kwa sababu hatua zake zinaonekana safi. Chukua y = √(x − 1). Mwanafunzi anaweka kipeo cha pili pande zote: y² = x − 1, kwa hiyo x = y² + 1. Anakagua: y inaweza kuwa namba yoyote. Anaandika renji ni namba halisi zote. Jibu si kweli. Alama ya kipeuo inatoa namba isiyo hasi daima, kwa hiyo renji inaanzia 0 kwenda juu. Kosa liliingia alipoweka kipeo cha pili, kwani hapo −3 na 3 zilianza kuonekana sawa, na kanuni haikumwonya. Au chukua y = (x² − 4)/(x − 2). Juu ni (x − 2)(x + 2), anakata, anabaki na y = x + 2, anasema renji ni namba zote. Lakini x = 2 ilizuiwa tangu mwanzo, na ndiyo peke yake ambayo ingetoa y = 4. Nne haimo kwenye renji. Ukiitaja domeni kwanza na kuibeba mkononi hadi mwisho, mtego huu haukunasi. Ukiiacha domeni iwe kipengele cha pili cha swali, cha kutafutwa baada ya kukata na kurahisisha, utanaswa kila mara.

Mawazo haya nimeyarithi, si yangu. Leonhard Euler, katika kitabu chake cha mwaka 1748, aliieleza funksheni kuwa ni usemi uliojengwa kwa herufi na namba, na hiyo ndiyo picha ambayo madarasa yetu yameing'ang'ania hadi leo: funksheni ni fomyula. Euler mwenyewe hakukaa hapo. Tayari alikuwa kwenye mabishano na Jean d'Alembert kuhusu waya wa ala ya muziki unaovutwa na kuachiliwa. Waya ukivutwa katikati unafanya kona, na kona hiyo haina usemi mmoja. D'Alembert aliikataa, Euler akaikubali. Mwaka 1755 Euler aliandika maana pana zaidi: kiasi kinachotegemea kiasi kingine, kikibadilika kingine kinapobadilika. Mwaka 1822 Joseph Fourier alichapisha kazi yake juu ya joto, na maswali yakazidi. Kisha akaja Peter Gustav Lejeune Dirichlet. Mwaka 1829 alitoa mfano wa funksheni inayotoa thamani moja kwa namba zinazoweza kuandikwa kama sehemu ya namba kamili mbili, na thamani nyingine kwa zisizoweza. Haichoreki: katika kila kipande cha mhimili, hata kiwe kidogo namna gani, zipo namba za aina zote mbili. Hakuna rula itakayoipima, na bado ni funksheni kamili, maana kila x ina jibu moja. Mwaka 1837 Dirichlet aliieleza funksheni kama kila thamani ya x kupewa thamani moja ya y, hata kama hakuna kanuni moja inayotawala kote. Karibu karne mbili zimepita tangu hapo. Hatuna sababu ya kumrudisha mtoto wa leo mwaka 1748 na kumwambia huko ndiko hisabati iliko.

Pingamizi la kwanza lenye uzito ni hili: yapo makubaliano kwamba domeni isipotajwa, tuchukue namba halisi zote ambazo usemi una maana kwazo. Ni kweli, na makubaliano hayo yana manufaa. Bila hayo kila zoezi lingekuwa na aya nzima ya utangulizi. Ninachodai ni mtoto aambiwe kwamba ni makubaliano. Aambiwe: "Nisipotaja domeni, chukua kubwa kuliko zote katika namba halisi." Sentensi hiyo moja inamwonyesha kwamba kuna mtu aliyechagua, na kwamba angeweza kuchagua vingine. Tukiinyamazia, anaamini domeni ni sifa ya mlinganyo kama uzito ulivyo sifa ya jiwe. Atakapokutana na y = 2x + 1 ambapo x ni idadi ya watu, kuanzia 1, hatajua kwa nini renji ghafla ni namba witiri kuanzia 3.

Pingamizi la pili ni la mwalimu mwenye darasa lililojaa na mtihani wa taifa mbele yake. Namwelewa, na sitaki kumtwika mzigo wa lawama asioustahili. Yeye anafundisha kile kinachoulizwa. Lakini sikubali kwamba njia ninayoitetea ni ndefu zaidi. Watoto hawa wamekwisha kusoma seti na uhusiano kabla ya kufika kwenye funksheni. Wanajua mishale kutoka seti moja kwenda nyingine. Mishale hiyo ndiyo funksheni yenyewe: kila memba wa kushoto atoe mshale mmoja, asikose, asitoe miwili. Tunawafundisha hilo kwa wiki nzima, kisha tunafika kwenye milinganyo na kulitupa, tunaanza kuwagawia kanuni za kipeo na rula. Kinachopoteza muda ni huko kuanza upya.

Wengine husema vijana hawa ni wadogo mno kwa mambo ya seti na uchaguzi. Kijana huyohuyo anajua kwamba nauli ya mwanafunzi si ya mtu mzima katika basi lilelile na njia ileile. Anajua jibu hubadilika kulingana na nani tunayemzungumzia. Tusimdharau.

Kwa hiyo nawaomba watunga mitihani, waandishi wa vitabu vya kiada na walimu wanaoandaa majaribio ya kila wiki wabadilishe maneno ya swali. Badala ya "je, mlinganyo huu ni funksheni?", waandike: "x ikiwa namba halisi yoyote isiyopungua 0, na y namba halisi yoyote, je, mlinganyo y² = x unaifanya y kuwa funksheni ya x? Kama hapana, weka sharti moja juu ya y litakaloifanya iwe." Waulize pia: "Taja domeni mbili tofauti ambazo kwazo h = 20t − 5t² itatoa renji mbili tofauti." Maswali kama hayo yanasahihishika, yana majibu ya wazi, na hayajibiki kwa kukariri. Na kwa wakati huu, swali la zamani likiendelea kutolewa bila domeni, mwanafunzi atakayeandika "inategemea domeni ni ipi" na kueleza kwa mfano ni kwa nini inategemea, apewe alama zote.